Maji ndiyo yaliyoikimbia Ujiji

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Ujiji. Wageni wanaotoka kuangalia kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, hupita karakana yangu na kuuliza swali lilelile: kama hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mzee yule mwaka 1871, mahali palipokuwa bandari ya Ziwa Tanganyika, mbona maji hayapo? Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliwajibu kwamba mji ulizembea ukapitwa na Kigoma. Iliniuma, maana ndivyo watoto wetu wanavyoamini.

Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, ng'ambo ya Kongo karibu na Kalemie. Zamani zile mlango wake ulizibwa na tope na matete, maji yakawa yanapanda. Ujiji waliyoifikia wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1858 ilikaa kando ya maji hayo yaliyojaa, na biashara yake ilikuwa pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, shanga zikitumika kama fedha. Na watumwa. Wazee wangu ni Wamanyema, watu wa kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Walivushwa, hawakuvuka kwa hiari yao, na sipendi mtu ausimulie mji huu akaliruka hilo.

Mnamo 1878 maji yaliling'oa lile tope la Lukuga. Ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka michache, na kwa kuwa ufukwe wetu ni tambarare, nchi kavu ikatokea hadi mbali. Wajerumani walipotaka mwisho wa reli, walichagua ghuba ya Kigoma, yenye kina na vilima vya kukinga upepo. Treni ilifika 1914. Mwaka uliofuata ikashushwa majini meli iliyoundwa Papenburg, mji mdogo wa Ujerumani kando ya mto Ems, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Ndiyo Liemba yetu.

Basi hakuna uzembe hapo. Mbao zangu huja kwa mkokoteni hadi karakanani, na mtumbwi ukiisha kutiwa kalafati ya kuziba nyufa tunauburuta kwa magogo, vijana wengi, hadi majini. Hata hivyo hatujaacha kuunda.

Ninaloomba ni hili. Manispaa ya Kigoma-Ujiji iweke mawe ya alama pale ufukwe ulipokuwa mwaka 1871, ili mgeni atembee kutoka jiwe hadi maji na aone mwenyewe. Wanaowaongoza wageni wamtaje Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla wazungu wale wawili hawajaonana, na ambaye baadaye, pamoja na Chuma na wenzao, aliubeba mwili wa bwana wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia, hadi pwani. Husimuliwa kana kwamba walikuwa wawili tu chini ya mwembe.

Tena mawe hayo yatawafaa wanaogawa viwanja. Maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021, nyumba na vibanda vya mwambaoni viliingiliwa, watu wa Kibirizi, ufukweni Kigoma, wakahangaika, na watu wakasema ziwa limeharibika. Lilikuwa linarudi kwenye ardhi yake. Anayeuziwa kiwanja kule chini ana haki ya kuonyeshwa, kabla hajatoa fedha, mahali maji yalipowahi kufika.

Fundi mitumbwi,
Ujiji, Kigoma