Chanjo ya kifua kikuu: watu wazima watachanjwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kifua kikuu sugu, ugonjwa ulioingia nyumbani kwetu kupitia mdogo wangu.

Alikuwa kondakta wa daladala. Mwaka 2014 alianza kukohoa na kutoka jasho usiku, na makohozi yalipopimwa yakaonyesha vimelea visivyosikia rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Majirani wakasema kajitakia, alikatisha dozi. Dozi ipi? Hakuwahi kuugua kifua kikuu wala kumeza hata kidonge chake kimoja. Kilimwingia kikiwa tayari ni sugu, kama kinavyowaingia wengi, kwa kuvuta hewa aliyokohoa mgonjwa mwingine.

Alitibiwa miezi 20. Miezi 8 ya mwanzo ilikuwa ya sindano, mpaka siku moja nikamwita kutoka uani asiitike. Nilidhani amelala. Nikamkuta ameketi kitandani, macho wazi, amenipa kisogo. Kifua kilipona, masikio yaliyoharibiwa na sindano hayakurudi. Mpaka leo ukiongea naye anakutazama midomo, na kazi ya kuita abiria aliiacha.

Siku hizi wagonjwa wengi wa aina yake wanaweza kutibiwa kwa vidonge vya miezi 6 bila sindano, utaratibu uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Nashukuru sana. Ila bedakwilini, dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu hayo, nayo imeshaanza kuzoeleka kwa vimelea. Kwa dawa peke yake tutakuwa tunakimbizana hivi kila mwaka. Chanjo inafanya kazi kwa njia nyingine: inaufundisha mwili kumtambua adui, na mwili hauulizi kama kimelea kinasikia rifampisini au hakisikii. Tena asiyeugua hahitaji dawa ambazo vimelea vingejifunza kuzishinda, wala hamkoholei mwenzake.

Chanjo ya BCG, iliyotuachia kovu begani, ilianza kutumika mwaka 1921. Inawakinga watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu cha ubongo, lakini mapafu ya mtu mzima haiyakingi vya kutosha, na mtu mzima ndiye anayeambukiza zaidi. Ndiyo maana naifuatilia chanjo ya M72. Katika jaribio lililofanyika Kenya, Zambia na Afrika Kusini, ilipunguza kwa karibu nusu idadi ya waliougua kati ya watu wazima waliokuwa na vimelea vilivyolala mwilini. Jaribio la mwisho, la watu wapatao 20,000, lilianza mwaka 2024, na majirani zetu Kenya, Malawi, Zambia na Msumbiji wamo.

Sisi tunajiandaaje? Utaratibu wetu wa chanjo umejengwa kwa ajili ya mama na mtoto: kliniki, kadi, mizani. M72 inatolewa dozi mbili, mwezi mmoja katikati. Mchimbaji wa Mererani atafuatwa na nani, na baada ya mwezi atapatikana wapi? Wakati wa Uviko-19 uvumi uliwafikia watu kabla ya maelezo, na bado tunalipia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waanze kufundishwa sasa, na wachimbaji, wafungwa na makondakta waelezwe mapema.

Mtoto mkubwa wa mdogo wangu ametimiza miaka 15, umri wanaoanzia kuwachukua kwenye jaribio hilo. Naiomba Wizara ya Afya inijibu kupitia gazeti hili: chanjo ikithibitishwa, nimpeleke dirisha gani?

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam