Maneno niliyomwambia mume wangu usiku sasa yanaimbwa jukwaani

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31, nimeolewa na mpiga gitaa la besi. Najua nikitaja tu bendi watu hurukia kuuliza habari za wanawake. Mwenzangu hana mambo hayo, au kama anayo basi anajua kuficha kuliko anavyojua kupiga besi. Akichelewa hupiga simu. Hela ikiingia ananionyesha, isipoingia ananiambia. Tulikubaliana Jumatatu ni siku yetu, haina mazoezi wala shoo, na hajaivunja hata walipopata kazi ya harusi yenye malipo mazuri. Kulala hadi saa sita mchana nilishazoea, na spika zilizorundikwa nyuma ya kochi nazo nilishazizoea.

Tatizo ni wimbo.

Mwaka jana mimba yetu iliharibika. Usiku mmoja, taa zimezimwa, nilimwambia maneno ambayo sijamwambia mtu mwingine, hata mama yangu. Alinishika mkono, hakusema kitu, nami nilimshukuru kwa ukimya ule. Miezi ikapita. Nikaenda kwenye shoo, nikasimama pembeni karibu na fundi mitambo kama kawaida yangu, mara yale maneno yakatoka kwenye spika. Yenyewe kabisa, Shangazi, kwa mpangilio ule ule, ndani ya kiitikio. Na anayeyaimba ni dada mwimbaji wao, maana mume wangu sauti hana. Dada huyo tunaelewana vizuri, ila siku ile nilitamani kumpokonya maikrofoni.

Nyumbani nikamuuliza. Hakukana. Akasema na yeye alimpoteza mtoto, na njia nyingine ya kulia haijui. Akaongeza kwamba hakuna anayejua maneno yale ni ya nani. Hapo nikakosa la kusema, kwa sababu msiba ulikuwa wetu sote na siwezi kumpangia namna ya kuomboleza. Lakini wiki iliyofuata mpiga drami akanipokea mlangoni kwa furaha: "Shemeji, wimbo wako huu ndio utakaotutoa!" Kumbe wanajua.

Na kweli umependwa. Wakichelewa kuupiga, watu wanauitisha. Kuna wanawake wanaouimba wamefumba macho, na nikiwatazama nahisi wengine yamewakuta kama yaliyonikuta mimi. Hilo ndilo linalonifunga mdomo zaidi. Mwezi ujao wanaingia studio kuurekodi, na ukishatoka hakuna wa kuurudisha. Wenzake wote wameuwekea matumaini.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nijivunie, wangapi wametungiwa wimbo? Labda. Ila tangu siku ile najikuta napima maneno kabla ya kumwambia jambo la moyoni, na mimi na yeye hatukuwa hivyo.

Naomba ushauri wako. Nimwombe abadilishe mistari ile ya kiitikio kabla hawajarekodi, au nitakuwa nimeuharibu wimbo wake kwa ajili ya jambo lililokwisha kutoka? Na nikiuacha upite, nimwambieje kwamba kuna mazungumzo yetu ambayo hayaruhusiwi kuingia kwenye daftari lake, bila ya yeye naye kuanza kunificha anayoyaandika?

Shemeji wa bendi