Kwa Mganga Mfawidhi: tangazo la alamu za monita

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: "KILA ALAMU IITIKIWE PAPO HAPO"

Tangazo lako nimeliona mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi na nimelitia saini kama wenzangu. Lakini naomba nikusimulie zamu moja ya usiku.

Vitanda sita, wauguzi wawili, na kila mgonjwa ana monita, mashine inayofuatilia mapigo na oksijeni na kulia vipimo vikivuka mipaka iliyowekwa. Kitanda namba nne kinalia: oksijeni imeshuka. Nakimbia. Mama wa watu amekaa, ananiuliza chai itakuja saa ngapi. Kumbe klipu ya kidoleni, inayopima oksijeni, imewekwa mkono uleule wenye mkanda wa presha. Mkanda ukijaa upepo, damu haifiki kidoleni, na monita inadhani mgonjwa anakata roho. Kila dakika 15, tangu jioni! Nahamishia klipu mkono wa pili, kimya. Kitanda namba mbili, stika za kifuani zinazosoma mapigo ya moyo zimekauka na monita inalia bure, maana tunazitumia mpaka zibanduke zenyewe. Namba sita ni mtoto wa miezi mitatu, monita yake imeachwa kwenye vipimo vya mtu mzima. Mapigo 140 kwa umri wake ni ya kawaida, lakini yanapigiwa kelele usiku kucha.

Sikio likidanganywa mara ishirini, mara ya ishirini na moja halishtuki, hata kama safari hii ni kweli. Wala si uvivu wa wauguzi wa huku. Mwaka 2013 Joint Commission, taasisi inayotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa za matukio 98 yaliyohusu alamu ndani ya miaka mitatu na nusu. Wagonjwa 80 walifariki.

Halafu, kuitikia maana yake nini? Wengi wetu tulichorithi ni kubonyeza ile kengele yenye alama ya mkato, mashine inanyamaza dakika mbili, tunaondoka. Mgonjwa hatujamtazama. Anapumua? Midomo ina rangi gani? Hayo kwanza, waya baadaye, kioo cha monita mwisho.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Wakati wa makabidhiano ya zamu, daktari na muuguzi wapange mipaka ya alamu kwa kila mgonjwa na kuiandika kwenye faili. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye daktari mwenyewe anataka oksijeni yake iwe kati ya asilimia 88 na 92, kwa nini alizwe na mpaka wa 90 uliotoka kiwandani? Fundi wa vifaa tiba atuelekeze namna ya kubadili mpangilio wa mtu mzima kuwa wa mtoto. Nusu yetu hatujui. Na stika zibadilishwe kila siku.

Wiki ijayo niko zamu ya usiku. Pita saa nane, usitangaze kwamba unakuja. Usimame tu katikati ya chumba, usikilize.

Muuguzi wako