Tuwaulize wachimbaji udongo wa juu wameuweka wapi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu urejeshaji wa ardhi iliyochimbwa madini iliwasifu wachimbaji kwa sababu mteremko umeshasawazishwa na nyasi zimeota. Mimi nimekuwa mpimaji wa udongo kwenye migodi ya wazi kwa muda mrefu, na kijani cha msimu wa kwanza hakinitoshi hata kidogo. Mwaga mbolea ya chumvichumvi, subiri mvua, nyasi zitaota hata kwenye kokoto. Rudi mbolea ikishaisha ndipo utajua.

Mchimbaji aulizwe hivi: udongo wa juu uliokuwepo kabla hujaanza kulipua miamba uko wapi?

Tabaka hilo ni jembamba, mara nyingi sentimita 15 hadi 30 tu, lakini ndimo mlimo sehemu kubwa ya mboji, mbegu zilizolala, bakteria, na kuvu wanaoisaidia mizizi kufyonza fosforasi. Sentimita moja yake huweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kujijenga. Buldoza hulikwangua kwa saa chache. Dereva asiposimamiwa akashusha kisu cha buldoza kupita kiasi, udongo wa juu huchanganyika na udongo wa mfinyanzi wa chini, na hakuna mtu atakayekuja kuvitenganisha.

Hata ukikwanguliwa vizuri, hatari kubwa iko kwenye lundo. Chimbeni lundo refu lililokaa miaka kadhaa muone. Juu udongo ni wa kahawia, una vijizizi na nyungunyungu. Shukeni zaidi ya mita moja hivi: rangi inageuka kijivu, harufu ni ya yai viza, na ukiufinyanga mkononi unabaki donge. Hewa haifiki huko. Kuvu wamekufa, mbegu zimeoza, na naitrojeni imerundikana kama amonia; siku udongo ukitandazwa, hugeuka naitreti upesi na mvua kuisomba. Kwenye ripoti ya mgodi, hata hivyo, mita za ujazo zinalingana kabisa na zilizokwanguliwa. (Ripoti hizo huwa na majedwali mazuri sana.)

Njia bora ni kutorundika kabisa. Mgodi unaosonga ukanda kwa ukanda unaweza kukwangua udongo mahali papya na kuutandaza siku hiyohiyo kwenye ukanda ambao shimo lake limeshafukiwa. Wachimbaji wa boksiti (mawe ya kutengenezea alumini) katika misitu ya mijara, aina ya mikaratusi, huko Australia Magharibi wamefanya hivyo kwa miaka mingi, kwa kuwa mbegu nyingi za msitu ule zimo kwenye sentimita chache za juu. Lundo likiwa halikwepeki, lisizidi mita mbili tatu, lipandwe nyasi na mikunde mara moja, na malori yasikanyage juu yake.

Wapo watakaosema udongo unaweza kutengenezwa upya. Ni kweli, na mfano maarufu ni machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo, alianza kupanda miti kwenye mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3. Mivinje ndiyo iliyoshinda, na ikabidi waletwe majongoo ili watafune majani yake magumu yageuke mboji. Ni kazi ya kupigiwa saluti, nami naistahi. Lakini Haller alirithi mwamba ulio wazi. Mwenye mgodi wa leo anaanza na udongo wake akiwa nao mkononi, na kuutupa kisha kusubiri majongoo ni uzembe.

Sheria nazo zinahitaji jicho. Marekani ilipitisha sheria yake ya migodi ya wazi ya makaa ya mawe mwaka 1977, ikaamuru udongo wa juu ukwanguliwe peke yake, utunzwe na urudishwe. Hilo ni jema. Ila wachimbaji wengi waliogopa mmomonyoko na wakaguzi, wakawa wanapitisha buldoza juu ya udongo uliorudishwa mara kwa mara hadi uso ukawa laini kama meza. Kwenye milima ya Appalachia, mashariki mwa nchi hiyo, nyasi ziliota, miti ikadumaa, kwa kuwa mizizi haikuweza kupenya. Tangu mwaka 2004 wasimamizi wenyewe wanahimiza kinyume chake kwa ardhi ya misitu: angalau mita 1.2 ya udongo na mawe laini, vimwagwe na kuachwa vimelegea, buldoza ipite mara moja au mbili tu. Panaonekana pabaya, pana mabonde na vichuguu. Miti inapenda.

Jambo la kuigwa kutoka kwenye sheria ile ni dhamana ya fedha. Mchimbaji huiweka kabla ya kupewa kibali, na huwajibika kwa mimea kwa miaka 5 baada ya upanzi wa mwisho, au 10 penye mvua isiyozidi milimita 660 kwa mwaka. Mimi ningeongeza sharti: kibali kisitolewe bila ramani inayoonyesha kina cha udongo wa juu kila mahali, na dhamana isirudishwe kabla mkaguzi hajashuka kwenye gari na koleo lake, akachimba, akapima kina hichohicho kwa rula na kuangalia mizizi imefika wapi.

Mpimaji wa udongo