Barua kwa namba tisa wangu

Bristol, Uingereza
Jumapili usiku

Kwako swahiba,

Asalaam aleikum. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa kituo cha basi, saa kumi na moja alfajiri, natoka zamu, mvua ya upande inanipiga sikioni. Nikasema hili si la kujibiwa kwa sauti ya dakika mbili. Hili linataka barua ya kukaa kitako na chai pembeni.

Unasema umechoka. Timu haijakulipa miezi mitatu, kocha mpya kakuweka benchi kwa sababu eti huna mbio, mwezi ujao unatimiza miaka 27, na shemeji ameanza kuuliza maswali ambayo hayana majibu. Unataka kutundika daluga uingie dukani kwa mjomba. Mimi niliyetundika zangu na miaka 23, goti likiwa limevimba kama fenesi, sina uso wa kumkataza mtu. Ila kabla hujazitundika, nipe masikio kidogo. Kuna mtu nataka umjue.

Hapa hospitalini ninaposukuma vitanda vya wagonjwa nina mwenzangu mmoja, mzee wa makamo, shabiki wa timu ya hapa Bristol Rovers, damudamu. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akasema "Samatta!" Basi urafiki ukaanzia hapo. Kumbe anakumbuka lile bao la Wembley, 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa aliyokuwa akiichezea wanacheza na Manchester City, Samatta kajirusha kichwa mpira ukaingia. Villa walifungwa 2-1 siku ile, lakini mzee haimhusu. Yeye anapenda mastraika wanaopiga vichwa. Nikamwambia Tanga ninaye rafiki, nikimwaga krosi pale Mkwakwani, mabeki wawili wakining'inia mabegani mwake, bado mpira aliukuta yeye. Akacheka, akaniambia basi huyo nimsimulie habari za Rickie Lambert.

Huyu bwana kazaliwa 1982, Kirkby, jirani kabisa na Liverpool. Alilelewa kwenye akademi ya Liverpool yenyewe mpaka ana miaka 15, wakamwacha. Akaenda Blackpool, nako baadaye wakamwacha. Ikafika mahali hana timu. Akawa anajifua na Macclesfield bila mshahara, na ili mfuko usikauke akaingia kiwanda cha bitiruti. Kazi yake ilikuwa kufunga vifuniko vya chupa. Nilipoambiwa hilo nikakukumbuka wewe na magunia ya nazi pale soko la Mgandini, mwaka ule timu yetu ilipovunjwa katikati ya msimu. Ulikuwa unabeba gunia huku umevaa bukta ya mazoezi, unaniambia hii ni gym ya bure.

Macclesfield wakamsajili 2001. Mwaka uliofuata Stockport wakamnunua kwa pauni 300,000, watu wakadhani njia imenyooka. Wapi! Mambo yalimwendea kombo, na 2005 akashukia Rochdale, ligi ya nne kutoka juu. Ujue ligi hizi za chini za huku zina timu 24, mechi 46 za ligi peke yake, Jumamosi unacheza, Jumanne unacheza tena, mwezi wa kwanza uwanja umekuwa jaruba la mpunga. Nyie Championship yenu huko nyumbani, ile ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ya timu 16 na mechi 30 mnalalamika safari za basi, nami nawaonea huruma kwa hizo safari, lakini kwa idadi ya mechi hawa jamaa ni punda.

Pale Rochdale pacha wake mbele alikuwa Grant Holt. Huyo naye ana yake: aliwahi kuwa fundi wa kufunga matairi, akaenda kusaka mpira hadi Singapore. Halafu msimu wa 2011/12 akaja kufunga mabao 15 Ligi Kuu akiwa na Norwich. Sasa jiulize, swahiba, timu ya daraja la nne ina mastraika wawili wa Ligi Kuu wamesimama pamoja mbele, na wenye macho wanapita, wanatazama, wanaondoka zao. Mimi tangu hapo nikisikia skauti kasema mtu fulani "hana kiwango" namwitikia tu kwa heshima.

Agosti 2006 Rovers wakamchukua kwa pauni 200,000. Hapa ndipo mzee wangu macho humng'aa. Anaweza kukusimulia mpira wa adhabu wa Februari 2008, Kombe la FA, jamaa kaupiga ukawazamisha Southampton 1-0, kama vile umepigwa jana na yeye ndiye aliyeutenga. Msimu wa 2008/09 Lambert akafunga mabao 29 ya ligi, daraja la tatu. Na wale wale Southampton aliowaadhibu wakaja kumchukua Agosti 2009. Wameshuka hadi daraja la tatu, wamekatwa pointi 10 kabla hata msimu haujaanza, wamepata tajiri mpya, wanatafuta mtu wa kufunga.

Unajua alikuwa na miaka mingapi siku ile? 27.

Na hakupokewa kwa ngoma. Lambert amewahi kusimulia kwamba kocha, Alan Pardew, alimkalia kooni kuhusu mwili wake: mzito, hana pumzi, hajawahi kujitunza kama mchezaji wa kweli. Kwa mtu aliyetoka kufunga mabao 29 hayo ni matusi. Wewe ungeondoka, nakujua. Mimi ningeondoka hata kabla yako. Yeye akameza, akaenda kujifua. Msimu huo akafunga 30 ya ligi. Wakapanda 2011, wakapanda tena 2012, na katika hiyo safari ya pili yeye ndiye mfungaji bora wa daraja lile, mabao 27. Mechi yake ya kwanza Ligi Kuu ni ugenini kwa Manchester City, mabingwa. Akaanzia benchi, akaingia, akafunga. Ana miaka 30.

Mwaka uliofuata akaitwa timu ya taifa ya Uingereza, na simu ilikuja siku ile ile mkewe kajifungua mtoto wa tatu. Tarehe 14 Agosti 2013, Wembley, wanacheza na Scotland, matokeo 2-2. Akaingizwa kuchukua nafasi ya Rooney. Dakika chache tu, kona ya Leighton Baines, mguso wake wa kwanza, kichwa, wavuni. 3-2. Na baada ya hapo Liverpool waliomwacha na miaka 15 wakamnunua, 2014.

Sasa najua unachotaka kusema, kwamba hizo ni habari za Ulaya. Sawa. Mimi sikuambii utafika Wembley, hata Ligi Kuu ya kwetu sikuahidi. Wako wengi waliofunga vifuniko vya chupa na hawakutoka tena mle kiwandani, na hao hakuna anayewasimulia. Ninachokuambia ni kidogo tu: jamaa hakuwa na mbio hata siku moja. Mzee anaapa kwamba hata bibi yake angemshinda mita thelathini. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utadondokea wapi, mguu laini kwa jitu kubwa namna ile, na penalti. Southampton alipiga penalti 34, zikaingia 34. Hebu tulia hapo. Wewe ulikosa ngapi msimu uliopita? Mbili, na zote ulipiga kwa hasira.

Kwa hiyo kocha akikuambia huna mbio, usijifanye ndiyo kwanza umeugundua ugonjwa. Tangu tunacheza mchangani huna mbio. Mbio nilikuwa nazo mimi, na ndiyo maana goti ni langu.

Jumanne iliyopita mzee alinipeleka Memorial Stadium, uwanja wa Rovers. Tulisimama kwenye ngazi za zege nyuma ya goli, baridi imetoboa soksi. Nilimtazama straika wa wageni peke yake, dakika zote. Mtu mzima, kipara kimeanza, goti limefungwa bandeji juu ya soksi. Nadhani mpira aliugusa mara kumi na kitu. Lakini kabla haujafika, alikuwa ameshamwegemea beki kwa makalio, ameshamsogeza hatua mbili, ameshaangalia mwamuzi kasimama wapi. Beki kijana, ana mbio kama swala, na kila mara anafika akiwa amechelewa. Hakufunga. Dakika ya 70 akatolewa, akapita mbele yetu akikohoa, akachukua barafu kwa mtunza vifaa, akakaa chini akaifunga mwenyewe kwenye goti kwa plastiki, taratibu, kama mtu anayefunga maandazi ya kuuza. Mashabiki wao wachache waliosafiri wakampigia makofi. Nikamwangalia nikasema, huyu ni yule rafiki yangu akiwa na miaka 34, kama hataharibu mambo.

Na unayaharibu. Nisamehe, lakini nisipokuambia mimi nani atakuambia? Ndondo, hizo mechi za mtaani. Nimeona picha, umecheza mbili wiki iliyopita, uwanja una mashimo ya kuku, na mabeki wake wanakuja na mguu wa kuchinja. Najua mwenye ndondo analipa papo hapo na timu yako hailipi. Njaa haina adabu. Lakini ukivunjika kule, timu itakuwa na sababu nzuri ya kutokulipa, na hii hapa ndiyo sehemu ninayotaka uisome kwa makini kuliko Lambert.

Usitoroke kambi. Hilo ndilo kosa tulilofanya sote. Mimi na wewe tulipokosa mishahara tulipanda basi tukarudi Tanga, na tulipokwenda kudai tukaambiwa nyie ndio mliovunja mkataba. Safari hii andika. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zimeweka wazi tangu 2018: klabu ikikudai kazi huku inakunyima mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua ya madai, unaipa siku 15, na isipolipa una sababu halali ya kuuvunja mkataba. Hiyo ndiyo njia ya kimataifa. Kwetu, peleka nakala kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho letu la soka, na uwagongee mlango SPUTANZA, si chama cha wachezaji hicho? Barua yako ipokelewe na kugongwa muhuri. Ukimkabidhi meneja mkononi ataipangusia kiatu. Halafu mkataba wako uko wapi? Usiniambie uko kwa katibu. Kila mara uko kwa katibu! Kaombe nakala kesho asubuhi, piga picha kila ukurasa, nitumie na mimi.

Ukishakuwa huru kwa karatasi, dirisha dogo la usajili linakukuta una thamani, na bao zako zinahesabika. Lambert aliuzwa na kununuliwa kwa sababu kila alipopita aliacha hesabu iliyoandikwa. Zako nani ameziandika? Mimi ninazo kwenye daftari lile la jalada la kijani, mpaka mwaka tuliokuwa wote. Baada ya hapo sijui. Kaa na shemeji, mhesabu: mechi gani, uwanja gani, dakika ya ngapi. Yeye anakumbuka kuliko wewe, maana ndiye aliyekuwa anafua jezi.

Duka la mjomba halihami. Kama ukimaliza msimu huu ukaona basi, utaingia na mimi nitakuwa wa kwanza kukuuliza bei ya sukari. Ila uingie umelipwa.

Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie dawa ya miguu nimeipata ile ile. Watoto wabusu. Kuna kijana anakuja huko mwezi wa kumi na mbili, nimempa mzigo wako. Ndani kuna njumu namba 44, za ngozi, si mpya, nimezinunua kwenye duka la mitumba la hapa jirani kwa pauni 9, soli nzima. Zipake mafuta kabla ya kuzivaa.

Na nikiziona kwenye picha ya ndondo, nazifuata.

Wako,
namba saba wako wa zamani