Mchungaji akistaafu anaenda kukaa wapi?

Mhariri, naomba kanafasi niongelee makazi ya wachungaji wastaafu. Hapa kwetu mmoja aliagwa kwa ibada ya nguvu, kwaya tatu, mbuzi, kitenge na bahasha, haikupita miezi mitatu akaambiwa apishe nyumba ya usharika maana mwenzake anahamia, napita pale nakuta makochi yako nje na mama mchungaji anaulizia chumba cha kupanga. Sasa mtu kahamishwa sharika kibao maisha yake yote anakaa nyumba za kanisa, angejenga saa ngapi na kwa hela ipi?

Uingereza Kanisa la Anglikana lina bodi ya pensheni inayowapangisha wastaafu nyumba, na sisi tunaweza kwa saizi yetu. Ile michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, ipelekwe bila kuruka, maana bila kuchangia miezi 180, hiyo pensheni ya kila mwezi utaisikia tu kwa wenzio, halafu kila dayosisi itenge sadaka ya Jumapili moja kwa mwaka ijenge vinyumba vya wastaafu vibaki mali ya kanisa, na mzee akifariki mjane asitolewe. Hela ya spika mpya mbona huwa tunaipata.

Msharika, Arusha