Malalamiko: Paka wangu kutiwa butini ilhali nimemlipia nauli

Kwa Meneja,
Ofisi ya Mwembe Tayari, Mombasa.

Bwana Meneja,

Salaam. Naandika kwa adabu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, lakini ujue mkono unanitetemeka.

Masharti ya basi lenu kuhusu wanyama mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Karani wenu wa Nairobi alichungulia kikapu cha paka wangu Kashata, akasema mnyama mdogo aliyefungiwa hupakatwa, akanitoza shilingi 800 juu ya nauli yangu. Risiti ninayo. Imeandikwa "paka 1".

Jumamosi iliyopita basi liliposimama Mtito Andei, nilishuka kwenda msalani. Kurudi, kiti kitupu. Kondakta alikuwa amekitia kikapu butini, saa saba mchana, juu ya lami inayochoma, na hakulifungua mpaka Voi.

Kashata ni paka wa marehemu dada yangu. Alilala miguuni pake miezi yote ya ugonjwa, na baada ya arubaini nikapanda Nairobi kumchukua, nije kuishi naye kwangu Kuze, hapa Mombasa. Tangu asubuhi alikuwa ametulia mapajani, hata mama niliyeketi naye alimsifu.

Nasema tena, maana kijana wenu wa simu alinikatiza. Nilirudi, kiti kitupu. Nikauliza kikapu kiko wapi. Kondakta anatafuna mahindi, hata hanitazami: "Mathe, huyo ni paka tu, si mtoto. Keti, gari linaondoka." Nikamwonyesha risiti, akaikunja akanirudishia. Nililia mbele za watu, mwanamke wa miaka 58, kwa zaidi ya kilomita 90. Voi abiria wakapiga kelele, ndipo buti likafunguliwa. Kikapu kimelaliwa na gunia la vitunguu. Kashata kinywa wazi, ulimi nje, anahema kama mbwa. Paka kuhema hivyo ni dalili ya joto kumzidi, kwani jasho lake ni la nyayoni tu. Kucha mbili zimeng'oka kwa kukwaruza kifuniko, ukili umelowa damu. Mimi namlowesha nyayo na masikio kwa maji ya chupa, dereva wenu anapiga honi niharakishe!

Daktari wa mifugo amenitoza 4,500. Mpaka leo pikipiki ikipita yumo chini ya kitanda, na chakula namsogezea huko huko.

Jumatatu nilikuja ofisini kwenu kutaka 800 yangu na pesa ya daktari, basi. Makarani wakatazamana wakacheka. Sasa nataka shilingi 5,300 zote, barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe mwenyewe, na kondakta yule asipande tena gari la abiria.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bure. Nawapa siku 7. Zikipita naenda polisi na risiti, cheti cha daktari na zile kucha mbili, nimezifunga kwenye karatasi. Abiria watano wamenipa nambari zao wawe mashahidi. Na hapo msiniletee 5,300. Tutaonana mahakamani.

Mimi,
Abiria wa kiti nambari 14,
basi la saa mbili asubuhi kutoka Nairobi.